Safari Hii Andika na Saa

Kaeni, ndugu zangu. Swala imekwisha, mwezi bado. Nimetoka nje sasa hivi kuutazama. Uko juu ya paa la ghala la mahindi, rangi yake ya tofali, na kwa hesabu yangu utabaki hivyo karibu nusu saa kabla mwanga haujaanza kurudi pembeni. Kwa hiyo nusu saa hiyo ni yetu.

Nimehesabu safu. Leo tuko safu kumi na mbili, akina mama wamejaa nyuma ya pazia, na wengine wamekosa nafasi, wako barazani. Alfajiri ya leo tulikuwa safu moja, nayo haikujaa. Silaumu. Naeleza nilichokiona.

Nimemwomba fundi afungue vipaza sauti vya nje, vile vya mnarani ambavyo huwa tunavitumia kwa adhana tu. Mtajua kwa nini.

Nina mfano wa kuwapa.

Palikuwa na mji mmoja wa bara. Mji huo ulikuwa na msikiti, na ndani ya msikiti, ukutani karibu na mlango wa kutawadhia, palikuwa na ubao mweusi. Kila siku ubao ule uliandikwa kwa chaki saa za swala tano. Watu wawili walifanya kazi na ubao huo. Mmoja aliuandika, mwingine aliusoma. Aliyeuandika tumwite mtunza ratiba. Aliyeusoma alikuwa mwadhini.

Mtunza ratiba alikuwa kijana aliyesoma. Ratiba za swala zilikuja zimechapishwa kutoka pwani, na ninyi mnajua kwamba jua huzama pwani kwanza, bara baadaye. Kati ya pwani na mji ule tofauti ilikuwa dakika nane. Kazi ya kijana yule ilikuwa kuchukua saa ya pwani, kuongeza dakika nane, na kuandika. Basi. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Lakini alikuwa na kitu kingine kilichomfanya aheshimiwe: daftari aliloachiwa na mwalimu wake, lenye tarehe za kupatwa kwa mwezi, zilizopita na zijazo. Aliweza kusimama Ijumaa akasema, "Jumatano ijayo mwezi utapatwa," na Jumatano ukapatwa. Watu wakamwona mtu wa ajabu. Yeye mwenyewe hakukanusha.

Mwadhini hakuwa msomi. Alijua Kurani, alijua kusoma tarakimu, na alikuwa na sauti. Waliomsikia wanasema wenye maduka walikuwa wanaacha kupima sukari katikati ya kilo. Alikuwa fundi baiskeli mchana, lakini ukimuuliza kazi yake alikuambia, "Mimi ni mwadhini." Baiskeli hakuzitaja.

Sasa ukaja mwezi wa Ramadhani, nao ukaangukia masika. Siku ya kumi na saba mbingu ilifunga tangu adhuhuri. Hakuna aliyeona jua. Jioni watu wamejaa msikitini, sahani za tende zimepangwa, uji uko kwenye ndoo. Mwadhini akaenda kwenye ubao, akasoma, akatazama saa ya ukutani, akangoja. Saa ilipofika pale ubao uliposema, akaadhini. Watu wakafuturu.

Mnajua tunavyofuturu. Hakuna aliyetoka nje kutazama. Mkono ulikuwa tayari juu ya tende.

Dakika tatu hazijapita, wingu likapasuka upande wa magharibi. Jua lilikuwa juu ya kilima. Zima, halijazama hata ukingo. Likaingia kwa madirisha, likamulika ndevu za watu na mbegu za tende viganjani mwao. Mtu ana uji mdomoni, jua linamtazama.

Pakawa na kelele. Watu wakakimbilia nje kuhakikisha. Na humo ndani, wakati kila mtu yuko nje akionyesha jua kwa kidole, alibaki mtu mmoja. Mtunza ratiba. Alisimama mbele ya ubao wake, akaona alichokifanya. Aliandika saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja. Hiyo ni saa ya pwani. Alisahau kuongeza nane.

Je, alikuwa amefanya kosa kubwa? Hapana. Alisahau. Kila mtu husahau, na angesema, "Jamani nimesahau," watu wangenung'unika siku tatu, kisha wangecheka. Tukubaliane hapo kwamba mpaka dakika ile hapakuwa na dhambi ndani ya msikiti ule.

Akachukua upindo wa kanzu yake, akafuta ile moja, akaandika tisa.

Mzee Shemdoe, kaa. Naona umeinuka. Kaa, sijamaliza. Na ninyi wa safu ya kwanza, mnatazamana. Kama mfano huu mnaufahamu, ufahamuni kimya kimya mpaka mwisho.

Watu wakarudi ndani. Wakamzunguka mwadhini.

"Wewe, umetufuturisha mchana!"

"Nimeadhini kwa ubao."

"Ubao unasemaje?"

"Ishirini na moja."

Wakaenda kwenye ubao. Ishirini na tisa. Mwadhini akausogelea mpaka pua ikakaribia chaki. Akasoma kimya. Kisha akageuka, akamtazama mtunza ratiba, kwa sababu kati ya watu wote wale ni yeye tu aliyeweza kusema kitu. Na mtunza ratiba akasema. Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliommaliza mwenzake.

"Msimlaumu sana. Taa ni hafifu pale. Tisa na moja kwa mbali zinafanana."

Mmoja akasema, "Baiskeli zimemla macho." Watu wakacheka. Wenye njaa hucheka haraka.

Masheikh wakakaa, wakaamua kila aliyefuturu siku ile alipe siku moja baada ya Idi. Mji mzima ukalipa. Mwadhini akaambiwa apumzike kidogo, mpaka macho yake yapimwe. Akaenda hospitali, akapimwa, akarudi na cheti kwamba macho yake ni mazima. Kamati ikakisoma cheti ikasema, "Kama macho ni mazima, basi ni uzembe." Akaondolewa.

Na mji ukampa jina. Jina hilo nitalitaja, lakini si sasa.

Miezi miwili baadaye mwezi ulipatwa. Ulikuwa umeandikwa kwenye daftari: saa tisa na nusu za usiku, kupatwa kote. Sasa, mji ule ulikuwa na desturi. Mwezi ukipatwa, watu wakishaswali, kabla mwanga haujarudi, kila mwenye ugomvi na mwenzake alikwenda mlangoni kwake kumwomba radhi. Na aliyeombwa hakukataa. Ilikuwa aibu mwanga ukukute una kinyongo. Desturi nzuri. Sijui kama ninyi mnaijua.

Mnacheka. Mnaijua.

Mtunza ratiba akaenda. Tumpe haki yake, alikwenda. Alipita njia ya nyuma, akabisha polepole. Mwadhini akafungua.

"Nisamehe, kaka."

"Nikusamehe nini? Kitaje."

Akakitaja. Akanong'ona yote, ubao, upindo wa kanzu, ile moja na ile tisa. Mwadhini alisikiliza huku ameshika komeo la mlango. Alipomaliza akamwambia, "Nilijua. Nilikuwa najiambia labda ni macho, lakini nilijua. Haya, nimekusamehe."

"Mungu akulipe."

"Ngoja nivae viatu."

"Unakwenda wapi?"

"Msikitini. Watu bado wapo. Ukawaambie kama ulivyoniambia mimi."

Hapo mtunza ratiba akashika mkono wake. Akasema, "Si leo, kaka. Watu wana usingizi. Jambo hili linataka mahali pake. Mwezi huu utarudi. Ukirudi, nitasimama mbele ya watu wote niseme. Naapa kwa Mungu."

Mwadhini akafikiri. Mwezi haukawii sana kupatwa, mwaka mmoja, miwili. Mtu aliyepoteza jina lake anaweza kungoja miaka miwili. Akavua kiatu kimoja alichokwisha kuvaa.

Baada ya miaka miwili mwezi ukapatwa. Mwadhini alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa safu ya pili. Watu wakashangaa, maana tangu aondolewe alizoea kukaa nyuma karibu na viatu. Swala ikaswaliwa, hotuba ikatolewa, watu wakatoka. Mtunza ratiba hakusimama. Mwadhini akamngoja nje.

"Uliapa."

"Niliahidi ukirudi mwezi ule. Huu si ule."

"Mbinguni kuna miezi mingapi?"

Ndipo mtunza ratiba akafungua daftari. Akamweleza, na sikilizeni, maana aliyomweleza ni kweli. Alimwambia kwamba kupatwa kwa mwezi kuna koo. Kuna kupatwa kwa ukoo huu na kwa ukoo ule, na kila kumoja hurudi katika ukoo wake baada ya miaka kumi na minane, na siku kumi au kumi na moja kutegemea Februari ndefu ni ngapi, na saa nane au pungufu kidogo. Mwezi ule wa usiku ule, ukiutaka wenyewe, mtoto wa baba yule yule, ni baada ya miaka kumi na minane.

Elimu ni ya kweli. Hesabu haina kosa. Na mtu yule aliichukua kweli ya Mwenyezi Mungu, aliyoiweka mbinguni kwa kipimo, akajifichia ndani yake kama mwizi ndani ya msikiti.

Mwadhini akamwambia, "Niandikie tarehe."

Akamwandikia kwenye kipande cha karatasi alichokichana kutoka nyuma ya daftari. Mwadhini akakikunja, akakitia ndani ya kofia.

Mtauliza, kwa nini mwadhini hakusema mwenyewe? Alisema. Alisema mara moja, kwenye kikao cha kamati, kwamba mtunza ratiba amekiri kwake. Wakamwambia, "Sasa umefika mahali pa kumsingizia na mtu wa watu." Kwa sababu wakati huo mtunza ratiba alikuwa amekwisha kuwa naibu imamu. Akanyamaza. Akarudi kwenye baiskeli zake. Majirani wanasema kila adhana ilipolia alisimamisha gurudumu kwa mkono, akaijibu neno kwa neno, kisha akaliachia lizunguke. Watoto wakipita walimwita lile jina, na yeye akaitika, maana mteja naye alimwita hivyo hivyo.

Miaka kumi na minane ikatimia. Naisema kwa pumzi moja. Yeye aliipita siku baada ya siku.

Siku ile ilipofika, mwadhini alikuja msikitini asubuhi. Saa tano. Jua linawaka, mtu mmoja anafagia, mtunza ratiba yuko kando anapanga misahafu. Wakati huo ndevu zao zote zimeanza kuwa nyeupe. Mwadhini akatoa karatasi kwenye kofia.

"Tarehe ni ya leo."

"Ni ya leo."

"Mwezi uko wapi?"

Mtunza ratiba akaonyesha chini, kwenye busati. "Uko upande wa pili wa dunia. Unapatwa sasa hivi tunavyosema. Wanauona watu wengine."

"Basi nenda ukawaambie hao."

Mtunza ratiba akarudi kupanga misahafu.

"Zile saa nane," mwadhini akasema. "Ulinitajia, mimi sikuelewa maana yake. Wewe ulielewa. Ulipoandika tarehe hii ulijua kwamba itakuwa mchana."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoapa."

Mfagiaji amesimama na ufagio, hasikii vizuri wanachosema, anadhani wazee wanazungumza habari za afya.

Hapo mimi ningekuwa mwadhini ningempiga. Ninyi je? Mwadhini alimuuliza swali moja tu.

"Utarudi tena?"

"Miaka mingine kumi na minane. Safari hiyo utakuwa jioni. Utachomoza umekwisha kupatwa, watu wote watauona."

Mwadhini akageuza karatasi ile ile upande wa nyuma, akaiweka juu ya rafu ya misahafu, akampa kalamu.

"Safari hii andika na saa."

Akaandika. Tarehe, na chini yake: saa moja usiku.

Ndugu zangu, ni saa ngapi sasa? Saa ya ukutani iko nyuma yenu. Ni saa moja na dakika kumi na nne.

Sina haja ya kuendelea kusema mji mmoja wa bara. Ghala la mahindi ni lile. Ubao ulikuwa pale mnapoona feni ya ukuta. Wazee wa safu ya kwanza walifuturu siku ile, na wameshaelewa tangu nilipotaja upindo wa kanzu. Mtunza ratiba ni mimi.

Nyamazeni. Tafadhali. Kuna watu wanasikiliza majumbani mwao kupitia mnara, wanataka kusikia.

Mwadhini aliitwa Mbaruku bin Sekiondo. Nusu yenu hamjawahi kulisikia jina hilo. Mlimjua kwa jina la Dakika Nane. "Baiskeli imeharibika, ipeleke kwa Dakika Nane." "Binti yule anaolewa?" "Yupi, yule wa Dakika Nane?" Dakika nane zile zilikuwa zangu. Yeye alizibeba mgongoni miaka thelathini na sita, na binti yake akazibeba akienda kisimani na akienda kuolewa.

Bwana Mbaruku alihesabu miaka kwa kalenda ya ukutani. Ile miaka thelathini na sita ilitimia kamili wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne. Zilibaki siku ishirini na moja, zile siku za ziada ambazo daftari langu linazitaja na ambazo watu hawazihesabu. Alhamisi yake, siku mbili baadaye, akafa. Ninyi mlimzika. Mimi ndiye niliyemswalia. Nilisimama mbele ya jeneza lake nikawauliza kama ilivyo desturi yetu, "Mnamshuhudiaje marehemu?" Mkasema, "Alikuwa mtu mwema." Na mimi, niliyekuwa na ushahidi, nikasema takbira.

Msidhani nimekuja hapa leo kwa moyo wangu. Nawaeleza yote, na hili pia. Baada ya mazishi nililala usingizi mzuri. Nilisema moyoni, limekwisha. Jana baada ya alasiri binti yake, Bi Mwajabu, akabisha mlangoni kwangu. Mlango wa mbele. Alishika kofia ya baba yake.

Nikasema, "Karibu ndani, mwanangu. Nisamehe."

Akasema, "Sikuja kwa habari ya msamaha, sheikh. Baba alishakusamehe, aliniambia, tena zamani. Nimetumwa nilete karatasi."

Nikamwambia, "Kesho nitasema. Nitamrudishia jina lake."

Akanitazama kama mtu anayetazama bidhaa iliyooza. Akasema, "Utamrudishia wapi?"

Akaenda. Sijui kama yuko nyuma ya pazia usiku huu. Sikuthubutu kuuliza.

Karatasi ndiyo hii. Upande huu tarehe bila saa. Upande huu tarehe na saa. Mwandiko ni wangu pande zote mbili.

Sasa nizungumze habari yetu sisi, kwa sababu naona baadhi yenu mmeshanihukumu, na mmehukumu sawa, lakini mnataka kwenda nyumbani mkiwa wepesi kwa kuwa mwenye kosa amepatikana. Siwapi nafasi hiyo.

Mimi nilifuta ubao. Nani alitunga jina? Nani alilipeleka shuleni watoto wakalijua? Cheti cha macho kilisomwa mbele ya watu saba. Wanne wako hai, wawili wako humu ndani. Mlikiamini cheti, au mliamini kicheko? Na siku moja ya saumu mliilipa upesi sana, ndani ya wiki ya Idi, kwa sababu hiyo ilikuwa kati yenu na Mungu na ilimalizika kwa kushinda njaa. Ya mtu hamkuilipa.

Tumefundishwa kwamba mwezi haupatwi kwa ajili ya kifo cha mtu wala uzazi wa mtu. Unakwenda kwa hesabu yake. Ulipatwa kabla sijazaliwa na utapatwa nikiwa udongo. Sisi ndio tuliougeuza kuwa karani wa toba zetu. Tunawaudhi watu mwaka mzima, tukiona kivuli juu ya mwezi tunakimbia milangoni kunong'ona, mwanga ukirudi tunarudi kulala. Na kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu inayomwambia tarehe ya kupatwa kwa mwezi miaka kumi mbele, tumekuwa wote watunza ratiba. Tunajua toba yetu ni lini. Kwa nini tutubu leo?

Na itazameni hiyo toba yenyewe. Uongo wangu niliusema mbele ya msikiti mzima. Radhi niliiomba kwa kunong'ona, mlango wa nyuma, saa kumi za usiku. Nani kati yenu hafanyi hivyo? Unamwita mwenzako mchawi sokoni, unamwomba radhi chumbani. Unamvunjia binti wa watu uchumba kwa neno ulilolisema harusini, unamtumia ujumbe wa simu: nisamehe kama nilikukosea. Kama! Yule mtu akikusamehe anarudi sokoni, na sokoni bado ni mchawi. Umepona wewe, yeye bado anaumwa.

Nimekwenda mlangoni kwa mtu niliyemdhulumu, nikasamehewa siku ile ile, na dhuluma ikaendelea miaka thelathini na sita. Nilisamehewa, naye hakuponywa. Lichukueni hilo. Mengine ya hotuba hii mkiyasahau si neno.

Leo nimesema kwa kipaza sauti. Sauti yangu imefika stendi, imefika hospitali, imefika mtaa wa mafundi baiskeli. Haijafika pale ilipotakiwa kufika. Nimeitimiza ahadi yangu kwa tarehe, na kwa saa, bila kukosea hata dakika moja, na haina faida kwa aliyeahidiwa. Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Kamati itakaa kesho kunijadili. Nimewaandikia barua, wataikuta mezani. Isha leo sitaswalisha. Nitaswali safu ya nyuma, karibu na viatu. Mahali pale napajua ni pa nani.

Wengine mmeanza kuchungulia dirishani. Nawajua, mnataka kuwahi milangoni kabla mwezi haujaachwa, kama desturi. Safari hii msiende mlangoni. Nendeni pale mliposemea. Kama ulilisema sokoni, nenda sokoni. Kama ulilisema kwenye kikao, itisha kikao. Soko usiku huu limefungwa, najua. Litafunguliwa kesho saa kumi na mbili asubuhi, mwezi ukiwa umekwisha kusafishika zamani na jua limetoka. Nendeni wakati huo, mchana, wakati hakuna kivuli juu ya kitu chochote wala hakuna mtu anayelia.

Nilikuwa nimeandika dua ndefu ya kumalizia. Siisomi.

Bwana Mbaruku bin Sekiondo alisoma ishirini na moja. Ubao uliandikwa ishirini na moja. Aliadhini sawasawa.